Tuanze na Daftari Safi

Mfugaji wa Kigogo hahesabu ng'ombe wake jioni ili ajivune kwa jirani. Huwahesabu ili ajue ni yupi hakurudi zizini, ni yupi anachechemea, na ni yupi maziwa yake yamepungua. Akisha kujua hakai kitako; huchukua fimbo yake akamfuata aliyebaki porini kabla giza halijaingia. Kwa kipimo hicho twapenda leo kuipima hesabu ya namna nyingine, ambayo sasa yashika nafasi kubwa katika ofisi zetu, nayo ni hesabu ya wafanya kazi.

Wataalamu wa utumishi waiita uchambuzi wa takwimu za wafanya kazi. Maana yake si ngumu. Kila ofisi, kila shule, kila zahanati na kila kiwanda kina kumbukumbu za watu wake: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa, elimu, cheo, mshahara, likizo, uhamisho, maradhi, na siku ya kustaafu. Kwa miaka mingi kumbukumbu hizo zimelala katika majalada ya masjala, zikaamshwa tu pale mtu alipodai haki yake au aliposhtakiwa. Uchambuzi ni kuzitoa huko, kuziweka pamoja na kuziuliza maswali. Kwa nini wauguzi wa kituo hiki huomba uhamisho kabla hawajatimiza miaka miwili? Ni walimu wangapi wa hesabu watakaostaafu katika wilaya hii ndani ya miaka mitano? Ni idara ipi yenye watu kuliko kazi, na ni ipi yenye kazi kuliko watu? Mkubwa wa kazi aliyezoea kuamua kwa mazoea au kwa kumsikiliza aliye karibu naye, sasa aambiwa atazame kwanza ushahidi.

Jambo hili lawahusu watu wa Dodoma kuliko wengi. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yawe hapa. Ilipofika Julai 2016 Serikali ilitangaza kuhamia kwa vitendo, na mwaka 2018 Dodoma ikafanywa Jiji na sheria ya kuitangaza kuwa Makao Makuu ikatungwa. Leo wizara ziko Mtumba. Ofisi ya Rais inayosimamia utumishi wa umma iko huku, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na Sekretarieti ya Ajira, na mfuko wa pensheni za watumishi wa umma, PSSSF, nao makao yao yako huku. Lakini mkoa huu si Mtumba peke yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika Mkoa wa Dodoma, na kati yao 765,179 tu ndio wa Jiji. Waliosalia wako Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Hesabu ya watumishi ikikosewa katika ofisi ya ghorofa, anayeumia ni mama aliyetembea tangu alfajiri kwenda zahanati akakuta mlango umefungwa kwa sababu mkunga wa pekee yuko likizo.

Basi twaunga mkono kazi hii. Lakini haki yatudai tukumbuke kwanza kwa nini mfanya kazi wa Afrika ya Mashariki akisikia habari za daftari hushtuka.

Wakati wa ukoloni hakukuwa na upungufu wa kumbukumbu za wafanya kazi. Jirani zetu wa Kenya, kuanzia mwaka 1920 hivi, walilazimishwa na sheria kuchukua kipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 aliandikwa jina, akachukuliwa alama za vidole, na kazi aliyofanya na mshahara aliolipwa vikaandikwa humo. Karatasi ile ilitiwa katika kijaluba cha bati kikaning'inizwa shingoni. Hapa Tanganyika mashamba ya mkonge yalikuwa na kipande chao, kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi, na mtu hakupata ujira wake kamili mpaka zijae. Zilikuwa takwimu, tena za kina. Lakini swali lililoulizwa na takwimu zile lilikuwa moja tu, nalo ni kama mtu huyu ametoroka kazini. Hakuna aliyeliuliza daftari lile kwa nini watu wanatoroka, au chakula cha kambini kinawatosha, au mke aliyebaki nyumbani Ugogo anakula nini katika mwaka wa ukame. Mwenye kuandikwa hakuwa na ruhusa ya kusahihisha lililoandikwa juu yake.

Nyanda zetu za kati zina kumbukumbu nyingine ya hesabu zilizopotoka. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Afrika ya Mashariki kwa majuma tisa, ukaandika kwamba ekari zaidi ya milioni 3 zaweza kulimwa karanga. Mwaka 1947 matrekta yakaingia Kongwa. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi, ila ilikosa kumbukumbu za kutosha za mvua, na ilikosa mtu wa kuwauliza wenyeji ambao babu zao walikwisha kuzoea njaa za nchi ile. Udongo ulikauka ukawa kama saruji, vyuma vikavunjika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya hasara ya pauni kama milioni 36. Twalitaja jambo hili kwa sababu kosa lake ndilo lile lile litakalotukuta tukianza kupiga hesabu za watu juu ya daftari ambalo hatujalihakikisha, na bila kuwauliza walioandikwa ndani yake.

Tusifikiri kwamba mambo haya ni ya zamani tu. Sisi wenyewe tumepata somo kubwa, na sehemu yake muhimu ilisomwa hapa hapa Dodoma.

Mwezi Machi 2016 Rais John Magufuli aliwaagiza wakuu wa mikoa waliokuwa wameapishwa wawatafute watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara na hali watu wenyewe hawapo: aliyekufa, aliyeacha kazi, aliyestaafu, na hata asiyepata kuwapo. Mkoa wa Shinyanga ulitoa taarifa kwamba hauna hata mmoja. Serikali ikatuma watu kuhakiki, wakapatikana 45 katika awamu ya kwanza tu, na mwezi Aprili mkuu wa mkoa akaondolewa. Somo ni hili: tarakimu ya sifuri nayo ni taarifa, na yapasa kuthibitishwa kama tarakimu nyingine yo yote. Ilipofika mwaka 2017 majina hewa yaliyoondolewa nchini kote yalikuwa zaidi ya 19,000. Kila jina moja lilikuwa likila fedha ya dawa, ya dawati, na ya mshahara wa kijana aliyekuwa nyumbani akisubiri ajira.

Kisha tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti. Ofisi ya Utumishi na Baraza la Mitihani walikuwa wamelinganisha vyeti vya watumishi na kumbukumbu za mitihani. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Watumishi 11,596 vyeti vyao havikukamilika. Hakuna kompyuta ya ajabu iliyohitajiwa. Kilichofanyika ni kuchukua madaftari mawili yaliyokuwa hayajapata kukutana, la mwajiri na la mtahini, na kuyaweka meza moja. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya uchambuzi wo wote, na twaisifu.

Lakini mwenye kusifu jua asifiche ukali wake. Katika zoezi lile waliondolewa pia watumishi wenye elimu ya darasa la saba: madereva, wahudumu, walinzi, watendaji wa vijiji. Waraka wa Serikali ulikuwa umetaka elimu ya kidato cha nne kwa wanaoajiriwa kuanzia tarehe 20 Mei 2004. Wengi wa ndugu hawa walikuwa wameingia kazini kabla ya tarehe hiyo, kwa halali, kwa masharti ya wakati wao. Daftari lilionyesha safu ya elimu iliyo pungufu. Halikusomwa pamoja na safu ya tarehe ya kuajiriwa. Mwaka 2018 Serikali iliona jambo hilo, ikaagiza warejeshwe kazini na kulipwa mishahara ya kipindi walichokuwa nje. Uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini nani awezaye kumrudishia mtu mwaka mzima wa kukopa unga dukani, na wa mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare? Safu mbili za daftari zingalisomwa pamoja tangu mwanzo, maumivu yale yasingalikuwapo.

Hata wale walioghushi kweli, sheria iliwahukumu, nasi hatuwatetei. Hata hivyo mwaka 2022 Serikali iliamua kuwarudishia michango waliyokatwa katika mishahara yao kwa ajili ya pensheni, kwa kuwa jasho lilikuwa lao hata kama cheti hakikuwa chao. Twaona hapo kwamba hata baada ya hesabu kukamilika, hubaki swali la haki ambalo hesabu yenyewe haiwezi kulijibu. Lahitaji watu wenye akili na moyo.

Sasa twauliza: ofisa utumishi wa halmashauri, au meneja wa kiwanda cha kukamua alizeti, au katibu wa hospitali ya misheni anayetaka kuianza kazi hii leo, aanzie wapi? Wapo watakaomwambia anunue mitambo. Sisi twamwambia asinunue kitu bado.

Aanze na swali. Swali lenyewe liwe moja, lihusu taabu inayojulikana na kila mtu, na jibu lake liwe na mtu wa kulitekeleza. Chukua swali la kustaafu. Sheria ya utumishi wa umma yaweka umri wa kustaafu kwa hiari kuwa miaka 55, na kwa lazima miaka 60, isipokuwa kwa kada chache kama maprofesa na madaktari bingwa. Tarehe za kuzaliwa zimo daftarini. Hakuna tukio katika maisha ya ofisi lijulikanalo mapema kama siku ya kustaafu. Hata hivyo shule ngapi hushtuka mwezi Januari zikikuta mwalimu wa fizikia amekwenda zake na hakuna aliyeombwa kushika nafasi yake? Na wastaafu wangapi hufika siku ya mwisho ndipo wakaambiwa kwamba tarehe ya kuzaliwa haifanani katika karatasi mbili, au miezi kadhaa ya michango haionekani? Ofisa anayeweza kupanga majina kwa mwaka wa kustaafu, na kumwita kila mmoja miaka mitatu mapema wakague jalada pamoja, amekwisha kuanza uchambuzi, hata kama atumia daftari la mistari na penseli.

Hatua ya pili ni kulisafisha daftari. Jina liandikwe namna moja kila mahali. Aliyehama aondolewe kule na kuandikwa huku. Aliyefariki asiendelee kupanda cheo. Aliyejiendeleza akapata stashahada asibaki na elimu ya zamani. Kazi hii haina fahari, wala haitangazwi kwa tarumbeta, lakini ndiyo msingi. Serikali imekwisha kujenga mfumo mkubwa wa taarifa za kiutumishi na mishahara, na watumishi wanao mlango wao wa kujihudumia uitwao ESS. Mifumo hiyo ni sawa na mtungi: ukitiwa maji ya tope hautayasafisha.

Na msafishaji wa kwanza wa daftari awe ni mwenye jina. Hapa ndipo tunapotofautiana na kipande. Mfanya kazi aonyeshwe yaliyoandikwa juu yake, aseme hili ni kweli na hili si kweli, alete ushahidi, na ofisi isahihishe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yampa kila mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, na ya kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Yataka pia taarifa zikusanywe kwa kusudi linalojulikana. Ofisa anayepitisha simuni karatasi ya maradhi ya mwenzake, au anayeacha orodha ya mishahara wazi mezani, avunja sheria ya nchi, si adabu ya ofisi tu.

Hatua ya tatu ni kupima kazi kabla ya kumpima mtu. Shirika la Afya Duniani lina njia ya kukadiria mahitaji ya watumishi kwa uzito wa kazi, nayo ni rahisi kuieleza. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka una siku 365. Toa Jumamosi na Jumapili 104, zabaki 261. Toa likizo ambayo hula siku 20 za kazi, na tuseme siku 31 za sikukuu, maradhi na mafunzo, zabaki 210. Kwa saa 8 kila siku, muuguzi mmoja anazo saa 1,680 kwa mwaka. Sasa hesabu kazi za zahanati: wajawazito, chanjo za watoto, vidonda, kujifungua, na uandishi wa vitabu. Ikiwa kazi zote zahitaji saa 4,200, basi zahanati yahitaji wauguzi wawili na nusu. Ikiwa yuko mmoja, huna haja ya kumwita na kumwuliza kwa nini anawajibu wagonjwa kwa ukali. Daftari limekwisha kukujibu. Na ikiwa zahanati ya mjini yenye kazi za saa hizo hizo ina wauguzi sita, basi daftari limekuonyesha mahali pa kuanzia kuhamisha.

Twasisitiza jambo hili kwa sababu njia za kumpima mtumishi mmoja mmoja zimekuwa nyingi. Utaratibu wa OPRAS uliingizwa mwaka 2004 kwa nia njema, mkubwa na mdogo wakubaliane malengo kwa uwazi. Lakini fomu nyingi zikawa zinajazwa siku moja mwishoni mwa mwaka kwa ajili ya kupandishwa cheo. Ndipo katika mwaka wa fedha 2023/24 Serikali ikaleta mfumo wa PEPMIS, ambamo mtumishi huandika kazi zake kwa kompyuta au simu, na mkuu wake huzipitia humo. Ni hatua mbele. Lakini mwalimu aliye mahali ambapo mtandao hupatikana kwa kupanda juu ya kichuguu, aweza kufundisha vipindi vyote vya juma na katika mfumo akaonekana hakufanya kitu. Mkuu wa kazi anayesoma tarakimu hiyo akiwa ofisini na bila kwenda shuleni, atamwadhibu aliye kazini na kumtuza aliye karibu na mnara wa simu. Tulikwisha kuona Shinyanga kwamba sifuri yaweza kuficha kitu. Yapasa ihakikiwe pande zote mbili, inapomsifu mtu na inapomlaumu.

Wako wenzetu wa nje waliotangulia katika kazi hii, nasi yafaa tujifunze kwao mema na mabaya. Mwaka 2008 kampuni ya Google ya Marekani iliamua kuchunguza kama mameneja wana faida yo yote. Ilisoma taarifa zake za tathmini na maoni ya wafanya kazi, ikatafuta tofauti kati ya mameneja bora na walio dhaifu. Katika kampuni ya mafundi, wengi walitazamia kwamba ufundi ndio utakaokuwa wa kwanza. Katika sifa nane zilizopatikana, ya kwanza ilikuwa kuwa mlezi mwema wa walio chini yako; ujuzi wa ufundi ulikuwa wa nane. Wazee wetu wangalisema hayo bila kompyuta, lakini si vibaya ushahidi ukiiunga mkono hekima.

Kampuni nyingine ya huko huko, Amazon, ilijaribu kuanzia mwaka 2014 kutengeneza mashine ya kuchagua waombaji wa kazi. Mashine ilifundishwa kwa maombi ya miaka kumi iliyopita, na kwa kuwa wengi wa waliokuwa wakiomba walikuwa wanaume, ikajifunza kuwashusha wanawake. Wenyewe waligundua, wakaiacha, na habari zikajulikana kwa watu mwaka 2018. Sisi ambao kumbukumbu zetu za zamani zimejaa upendeleo wa namna nyingi, wa jinsia, wa mjini na shamba, wa kujuana, tukiifundisha mashine kwa kumbukumbu hizo tusitazamie haki kutoka kwake.

Wapo watakaotupinga. Mmoja atasema kwamba mkubwa mwema awajua watu wake wote na hahitaji takwimu. Twamjibu kwamba huenda ni kweli kwa watu kumi. Mkoa wenye walimu na waganga mamia kwa mamia, waliotawanyika kuanzia Kibakwe mpaka Kwa Mtoro, hauna mkubwa awezaye kuwajua wote kwa sura. Asiyejulikana ndiye husahaulika, na mara nyingi ndiye aliye mbali zaidi na barabara ya lami. Takwimu zikitumiwa vema humfanya huyo naye aonekane.

Mwingine, naye huenda ni mfanya kazi, atasema kwamba hii yote ni njia mpya ya kuwasaka watu. Huyu hatumdharau, kwa maana historia iko upande wake. Lakini dawa yake si kukataa kuhesabiwa. Asiyehesabiwa hawezi kudai. Chama cha wafanya kazi kinachokwenda kujadiliana juu ya mzigo wa kazi bila tarakimu kinakwenda mikono mitupu. Dawa ni mfanya kazi kushika upande wake wa daftari. Nchi hii iliweka mabaraza ya wafanya kazi kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, ili wafanya kazi washiriki katika mambo ya mahali pao pa kazi. Baraza lisiitwe kusikiliza bajeti na kunywa soda tu. Liulize: ofisi yetu yakusanya nini juu yetu? Kwa kusudi gani? Nani anaziona? Mwaka jana mlipotuhesabu, mlibadili nini?

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Hakuna kinachoua imani ya wafanya kazi kama kuulizwa kila mwaka na kutojibiwa. Wakijaza fomu ya kueleza kwa nini wanaondoka, na wote wakaandika nyumba, maji na malimbikizo ya mshahara, kisha fomu zikafungiwa kabatini, mwaka wa pili wataandika lo lote. Daftari litakuwa limejaa, lakini litakuwa limejaa uongo. Kwa hiyo anayeuliza swali awe tayari kulitendea kazi jibu, hata kwa kiasi kidogo: nyumba moja iliyotengenezwa, posho moja iliyolipwa kwa wakati, uhamisho mmoja uliotazamwa kwa haki. Na pale asipoweza, awaambie watu wazi kwamba hawezi, na kwa sababu gani.

Twahitimisha kwa kuwaambia kila mmoja lake. Maofisa utumishi wa mkoa huu hawana udhuru wa kukosa mafunzo: chuo cha Hombolo kinachofundisha watumishi wa serikali za mitaa kiko hapa, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kiko hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma kiko hapa, na wataalamu wa takwimu za Taifa wako hapa. Waende wakajifunze kusoma tarakimu kama wanavyosoma barua. Wakuu wa kazi wajizuie kumhukumu mtu kwa safu moja ya daftari, na wasimwondoe mtu kazini, wala kumshusha, wala kumnyima haki yake, mpaka aonyeshwe maandishi na asikilizwe. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanya kazi wajifunze kuuliza kwa hesabu, si kwa sauti kubwa tu.

Na wewe, ndugu mfanya kazi, usingoje mpaka siku ya kustaafu. Juma hili hili fungua kumbukumbu zako katika mfumo, au nenda masjala uliombe jalada lako kwa adabu. Tazama jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa, tarehe yako ya kuajiriwa, elimu yako, na michango yako ya pensheni. Ukiona kosa, andika barua, uombe isahihishwe, na nakala ya barua hiyo ubaki nayo nyumbani.